Kuandaa Land Cruiser mkonga ya zamani kwa barabara za milimani

Jirani yangu kanunua Land Cruiser mkonga (lile lenye bomba la kuvutia hewa lililopanda ubavuni hadi juu), modeli ya HZJ75, gari iliyokula miaka mingi kazini, na anataka kupanda nayo Lushoto hadi Mtae hata wakati wa masika. Swali lake la kwanza lilikuwa taa gani afunge juu ya keria. Nimemwandikia haya, na mwenye gari ya aina hii naye yatamfaa. Udongo mwekundu wa Usambara ukilowa ni utelezi mtupu, na mara nyingi upande mmoja wa barabara ni bonde. Gari ya kule kwanza igeuke, isimame na ivute kwa magurudumu yote manne. Taa zitasubiri.

Hatua ya 1: Chesisi
Lala chini na nyundo ndogo, gonga chesisi yote, hasa kule nyuma zinaposhikiliwa springi. Panapolia butu pana kutu. Pakatwe, pachomelewe bati jipya. Kupaka lami juu ya kutu ni kujidanganya.

Hatua ya 2: Injini
Injini ya gari hii, 1HZ, ni dizeli ya lita 4.2, silinda sita, ilitoka kiwandani bila turbo, na mimi nasema ibaki hivyo. Mafundi watakushawishi ufunge turbo kwa sababu gari inachoka mlimani. Joto likizidi, silinda hedi ya injini hii hupasuka, na hapo utazunguka kutafuta hedi nyingine. Kilima kikikushinda, tumia L4, yaani gia za nguvu za magurudumu yote manne. Badilisha belti ya taimingi kama muuzaji hana uthibitisho, osha rejeta, endelea.

Hatua ya 3: Ekseli ya mbele
Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo fundi mwenye haraka anapoharibu.

Chungulia nyuma ya gurudumu la mbele. Kuna pira la chuma ambalo gurudumu hugeukia. Ndani yake mna sivijointi, kiungo kinachozungusha gurudumu hata likiwa limekatwa kona, iliyozama kwenye grisi, na sili ndogo inayozuia oili ya difu isivuke. Sili hiyo ikichoka, oili huingia na grisi inakuwa uji mweusi unaotiririka hadi ubavu wa ndani wa tairi. Pangusa pira kwa kidole. Ukikuta utando mwembamba wa grisi, hapana tatizo. Ukikuta majimaji yanayonuka oili ya gia, fungua.

Lakini kabla hujanunua sili, tafuta kipumulio cha ekseli. Ni kidude kidogo juu ya ekseli, na tope likikiziba, hewa iliyopata moto ndani haina pa kutokea, kwa hiyo inasukuma oili ipite kwenye sili. Ukiingia mtoni ekseli ikiwa ya moto, inapoa ghafla na kunyonya maji. Wapo wanaobadilisha sili kila mara na kuilaumu spea kuwa feki, kumbe kipumulio kimeziba. Kitoe, weka mpira mrefu, uvute hadi ndani ya boneti mahali pa juu. Kwa pesa ndogo, hakuna badiliko lenye faida kubwa kama hilo.

Nati mbili za beringi zifunguliwe kwa soketi ya milimita 54. Fundi akija na patasi na nyundo, mwambie asubiri soketi ipatikane, kwa sababu vipande vya chuma vinavyomeguka huishia ndani ya beringi. Stadi (bolti zisizo na kichwa) za mkono wa usukani zina washa zenye umbo la pia, pana chini na nyembamba juu. Usizichokonoe. Legeza nati mpaka ilingane na ncha ya stadi, kisha gonga pembeni kwa kipande cha shaba, zitaruka zenyewe.

Juu na chini ya pira kuna vibati vyembamba kama karatasi. Vya juu vifunge kwa waya peke yake, vya chini peke yake, uandike. Vibati hivyo ndivyo vinavyoweka kila kitu katikati. Vikichanganywa, shafti inakaa pembeni kidogo ya sili, na sili mpya inavuja mapema.

Shafti nayo ipitishie ukucha pale sili inapokalia. Ukucha ukinasa kwenye mfereji, sili mpya haitaziba hata kama ni ya Japani. Igonge sili iingie ndani kidogo zaidi au kidogo pungufu, ili mdomo wake ukutane na chuma ambacho hakijalika.

Osha kila kitu kwa dizeli, kausha kabisa. Sivijointi itiwe grisi nyeusi ya molibdeni mpaka itokeze upande wa pili, na pira lijazwe robo tatu tu. Beringi zitiwe grisi ya lithiamu. Kaza nati ya ndani huku unazungusha habu (kitovu cha gurudumu) huku na huku, legeza, kaza tena mpaka izunguke kwa uzito kidogo. Funga nati ya pili, kisha pima upya, maana nati ya nje huibana ile ya ndani. Shika tairi juu na chini, tikisa. Pasiwe na mchezo wowote.

Hatua ya 4: Breki
Oili ya breki itolewe yote. Ikikaa muda mrefu hunyonya unyevu, na kwenye mteremko wa Soni kushuka Mombo inaweza kuchemka, ukakanyaga pedali isishike. Rekebisha breki za nyuma, na uzoee kushuka na gia nzito.

Hatua ya 5: Tairi na springi
Baki na 7.50R16. Tairi nyembamba hukata tope ikafika chini penye udongo mgumu. Zile pana zinaelea juu yake. Kama rimu zako ni za ringi, yaani tairi inashikiliwa na pete ya chuma inayotoka, toa upepo wote na sindano ya vali kabla ya kugusa ringi, kwa sababu ringi ikiruka inaua. Springi usinyanyue zaidi ya sentimita 5, la sivyo propela, shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli, itaanza kutetemeka.

Hatua ya 6: Mkonga
Kagua kila kiungo kutoka juu hadi kwenye kichujio cha hewa. Penye ufa vumbi hupita, na maji pia.

Hatua ya 7: Jaribio
Endesha tambarare kilomita kama 20 bila kukanyaga breki ovyo, simama, gusa habu zote mbili za mbele. Uvuguvugu ni sawa. Moja ikiwa ya moto kuliko mwenzake, nati yake imekazwa mno, irudie. Baada ya safari ya kwanza ya mlimani, nyanyua gari kwa jeki, weka stendi, utikise tairi tena.