Kushusha na kurudisha giaboksi ya otomatiki nyumbani: Corolla za 2000–2006

Somo hili ni la Corolla na ndugu zake wa umri huo (Fielder, Runx, Spacio) zenye injini ya 1NZ-FE au 1ZZ-FE na giaboksi ya gia nne, U340E au U341E. Ukienda Birere, sokoni Goma, kuitafuta, ulizia bwati otomatiki. Humu tutaiita giaboksi.

Kwanza hakikisha ugonjwa uko ndani yake kweli. Mafuta yakipungua lita moja tu, gari huchelewa kushika D, na mlimani huteleza. Kebo ya gia ikilegea, mkono wa gia unaonyesha D huku giaboksi ikiwa bado N. Plagi ya nyaya juu ya giaboksi ikiingia maji, gari hujifungia kwenye gia moja. Hayo yote hutibiwa bila kushusha kitu. Lakini mafuta yakiwa meusi, yananuka kuungua, na ukiyapaka kwenye karatasi nyeupe unaona vumbi la chuma linalong'aa, tayarisha jeki.

Vifaa. Kle (spana) za 10, 12, 14, 17 na 19, soketi ya 30 ya nati za kardani (shafti zinazozungusha magurudumu ya mbele), ekstensheni ndefu (zote pamoja zifike sentimita 50), jeki ya magurudumu, vigoda vinne vya chuma, kle ya kupimia mkazo, beseni la lita 10, na faneli yenye mpira mrefu. Nunua lita 8 za mafuta ya Type T-IV, sili mbili za kardani, sili ya mbele ya konveta na nati mpya za kardani. Konveta ni lile bakuli zito la chuma linalokaa kati ya injini na giaboksi na kupokeza nguvu kwa mafuta. Likumbuke, maana ndilo somo lenyewe.

Kiwanja. Nyua nyingi za Goma ni makoro (mawe ya volkano) yaliyosagwa, na makoro huhama chini ya uzito. Kigoda kilichosimama imara saa mbili asubuhi kitakuwa kimelala upande saa sita, ukishavuta bolti ngumu mara kumi. Weka mbao nene za sentimita 5, zenye upana wa kutosha, chini ya kila kigoda na chini ya jeki. Magurudumu ukishayatoa, yalaze chini ya mbavu za gari: kigoda kikikimbia, rimu itabaki kukuokoa. Nyanyua mbele mpaka giaboksi ikiwa juu ya ubao iweze kupita chini ya bampa. Wengi hupima hilo mwishoni, giaboksi ikiwa tayari tumboni mwa gari na haina pa kutokea.

Kushusha. Gari likiwa bado chini, mtu mmoja akanyage breki, mwingine alegeze nati za kardani (30) na za magurudumu. Toa betri na trei yake, kisha boksi la chujio la hewa. Chomoa plagi zote za giaboksi na uzipige picha. Fungua kebo ya gia, toa stata (bolti mbili za 14), halafu fungua bolti za juu za giaboksi sasa hivi, maana kutoka chini hazifikiki.

Nyanyua gari, mwaga mafuta na uyapime. Kwa kawaida hutoka kama lita 3, mengine hubaki ndani ya konveta. Yakitoka lita moja na nusu, huenda umeshapata chanzo cha ugonjwa. Usiyamwage juu ya makoro: mawe hayo yana matundu, na kinachomwagwa hushuka moja kwa moja ardhini. Yaweke kwenye bidoni.

Fungua jointi za chini za mikono ya magurudumu, vuta kardani kutoka kwenye habu, kisha zing'oe upande wa giaboksi kwa chuma bapa. Usivute kwa kushika shafti yenyewe, jointi ya ndani itachomoka ndani ya mpira wake. Chomoa mipira miwili ya mafuta inayokwenda kwenye rejeta na uizibe kwa vipande vya mti safi.

Sasa bolti za konveta. Ziko sita, za kle 12, na unazifikia moja moja kupitia kitundu cha chini. Izungushe injini kwa kle ya 19 kwenye puli ya mbele, upande wa saa tu. Moja huwa na rangi tofauti. Iweke peke yake, kwa sababu ndiyo inayowekwa ya kwanza wakati wa kurudisha.

Shikilia injini kwa juu: bomba nene la chuma likiwa limekaa juu ya maungio ya shokamsoba pande zote mbili, na mnyororo kwenye ndoano ya injini. Jeki chini ya sampu (bakuli la mafuta) ya injini haitoshi, tena itakuzibia njia. Toa krosimemba (boriti ya chuma iliyo chini) na mauntini ya kushoto (mpira unaoshikilia giaboksi), weka jeki na ubao chini ya giaboksi, fungua bolti zilizobaki, kisha irudishe nyuma taratibu. Inakaribia kilo 70 na uzito wake hauko katikati, kwa hiyo ifunge kwa mkanda kwenye jeki. Konveta itoke pamoja na giaboksi. Ikibaki imening'inia kwenye injini, italala juu ya shafti na kuikwaruza.

Kabla ya kurudisha. Badilisha sili tatu. Kagua fleksipleti, ile sahani nyembamba yenye meno ya stata: ufa mdogo kuzunguka bolti za katikati huleta mlio kama wa injini iliyokufa. Hakikisha pini mbili za kuongoza ziko mahali pake kati ya injini na giaboksi. Ikikosekana moja, giaboksi hukaa kombo na sili ya mbele huanza kuvuja mapema. Kama giaboksi ya zamani ilikufa kwa vyuma, safisha mabomba ya rejeta kwa mafuta mapya mpaka yatoke masafi.

Konveta. Hapa ndipo giaboksi nzima huuawa na mtu anayedhani amemaliza kazi. Konveta hushika sehemu tatu ndani: meno ya shafti mbili, kisha pampu ya mafuta. Mimina kama lita moja ya mafuta ndani yake, ipake sili mafuta, isukume huku ukiizungusha. Itaanguka ndani kwa hatua, na kila hatua utaisikia mkononi. Usiridhike na hatua mbili. Weka rula iliyonyooka juu ya mdomo wa giaboksi na upime kina mpaka kwenye vituo vya bolti. Kipimo hicho ulinganishe na cha giaboksi ya zamani, konveta yake ikiwa imesukumwa mpaka mwisho. Ikipungua hata milimita chache, toa uanze tena.

Pandisha giaboksi mdomo ukiwa umeinuka kidogo ili konveta isiteleze mbele. Ikutanishe na injini kwa mikono na jeki, kamwe si kwa bolti. Pande mbili zikishagusana, konveta lazima izunguke kwa kidole, na ibaki nafasi ya milimita chache kati yake na fleksipleti. Unaivuta mbele mwenyewe ndipo unaifunga.

Mikazo, kwa nyutoni-mita (Nm): bolti kubwa za giaboksi (17) Nm 64, ndogo (14) Nm 46, za konveta Nm 28, nati za kardani Nm 216, za magurudumu Nm 103. Kardani ikiingia sawasawa utasikia tiki, na ukiivuta kwa mkono haitoki.

Mafuta. Giaboksi tupu na konveta yake hunywa karibu lita 7. Mimina 4 kwanza, washa injini, ongeza mara moja nyingine mbili. Pitisha mkono kwenye kila gia kwa sekunde chache, rudi P, endesha mpaka ipate joto, ndipo upime injini ikiwa inawaka, kwenye alama za HOT za kijiti cha mafuta. Kupima ikiwa baridi kisha kujaza mpaka HOT ni kuzidisha, na mafuta yaliyozidi hutoka povu.

MASWALI

Fundi, imebaki nafasi kama ya kidole kati ya giaboksi na injini na haitaki kuingia. Naweza kuivuta kwa bolti mbili ndefu?
Hapana, ndugu. Nafasi hiyo ni konveta ambayo haijashika pampu. Ukikaza, ulimi wa konveta utavunja gia ya pampu, na utajua siku ya kuwasha. Shusha, pima kina upya. Kama kina ni sahihi, tafuta waya uliobanwa, au kibati cha vumbi kilichopinda.

Nimerudisha vizuri, injini inawaka, lakini D na R hakuna kitu. Niko Ndosho, nishushe tena?
Usishushe bado, kaka. Chukua kijiti cha mafuta, soma kiwango injini ikiwa imezimwa, washa, soma tena. Kama mafuta yameshuka, pampu inavuta: ongeza mafuta, kisha kagua kebo ya gia. Halafu weka D huku gurudumu moja likiwa hewani. Shafti ikizunguka ndani bila gurudumu kuzunguka, kardani haikuingia. Kama kiwango hakisogei hata kidogo, pampu haizunguki, na hapo ni konveta. Zima mara moja.

Nimeona giaboksi mbili Birere, moja U340E, nyingine U341E. Muuzaji anasema ni kitu kimoja.
Si kitu kimoja. Moja hutoka kwa 1NZ-FE, nyingine kwa 1ZZ-FE. Chukua ile yenye jina lililo kwenye gari lako, na ulinganishe pini za plagi na mahali pa mauntini. Mwambie muuzaji afungue nati ya kumwagia: harufu ya kuungua, acha. Shika shafti ya kati na uitikise. Kucheza kidogo ni kawaida, kugongagonga si kawaida. Ichukue pamoja na konveta yake. Konveta ya giaboksi iliyokufa kwa vyuma haisafishiki, vyuma hubaki ndani na kuanza kula mpya.

Mafuta yametoka rangi ya chai ya maziwa. Ni nini?
Maji ya rejeta yameingia, mama. Bomba la kupozea liko ndani ya rejeta na limetoboka. Rejeta mpya kwanza, giaboksi baadaye. Ukirudisha giaboksi nyingine kwenye rejeta ile ile, utairudia kazi yote.

Dukani hakuna T-IV, wananipa Dexron III nyekundu hiyo hiyo.
Rangi si kitu, karibu yote hupakwa rangi. Msuguano wa klachi za ndani ni tofauti, na gari litaanza kutetemeka likibadili gia. Tafuta chupa iliyoandikwa T-IV, hata kama ni ya kampuni nyingine. WS, mafuta mengine ya Toyota, pia usiiweke.

Gia zinaingia kwa kishindo tangu nirudishe, lakini gari linakwenda.
Betri ilikuwa imechomolewa, kompyuta imesahau. Liendeshe siku mbili tatu kwa utulivu, mchanganyiko wa mjini na barabara ya Sake. Kishindo kikibaki kwenye R peke yake, angalia mauntini ya kushoto, huenda bolti yake haikukazwa.