Kupima joto mahususi la chuma kwa kalorimita

Joto mahususi ni joto linalotakiwa kupandisha kilo 1 ya kitu kwa nyuzi 1. Maji ni jouli (kipimo cha nishati) 4200, alumini 900, shaba nyekundu 390. Hapa tunapima kipande cha chuma cha gramu 200, na jibu zuri ni karibu 450.

1. Pima uzito wa kalorimita ya shaba (kikombe chenye kifuniko cha kupimia joto) na kikorogeo chake (tuseme gramu 60), kisha tia gramu 150 za maji. Tumia maji baridi yasiyo na chumvi. Maji ya kisima chenye chumvi hayafiki 4200.

2. Chumba kikiwa nyuzi 31, poza maji hadi 27. Yakianzia chini ya joto la chumba na kuishia juu yake, joto linaloingia mwanzoni hufidia linalotoka mwishoni. Usishuke hadi 20. Kwa unyevu wa hewa ya Mombasa kalorimita itatoka jasho, na jasho hilo huingiza joto usilolihesabu.

3. Funga chuma kwa mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki. Uzi wa pamba hunywa maji. Kining'inize katika maji yanayochemka dakika 10, kisiguse chini ya sufuria. Soma kipimajoto: 100.

4. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Leta kalorimita karibu na sufuria, inua chuma, kikung'ute mara moja, kitumbukize, funika. Kikipoa nyuzi 5 njiani, jibu hushuka kwa karibu asilimia 8.

5. Koroga taratibu, andika halijoto ya juu kabisa: 35.8.

Hesabu: maji na kalorimita vimepata (0.15 × 4200 + 0.06 × 390) × 8.8 = jouli 5750. Chuma kimeshuka nyuzi 64.2. Gawa 5750 kwa (0.2 × 64.2), upate 448. Kipimajoto kikikosea nusu nyuzi katika zile 8.8, kosa ni karibu asilimia 6, kwa hiyo tafuta kinachosomeka hadi sehemu ya kumi.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, niko Nairobi, maji yangu yanachemka bila kufika 100. Jiko halina nguvu?*
Jiko halina kosa. Nairobi iko juu, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Andika ulichosoma, usiandike 100 kwa mazoea.

*Sina kalorimita. Kikombe cha foma (styrofoam) kitafaa?*
Kinafaa sana. Joto kinalonywa ni dogo, ondoa sehemu ya shaba katika hesabu. Kisimamishe ndani ya bilauri, chuma kisije kukipindua.

*Nimepata 510, nimerudia, bado 510.*
Pima uzito wa kalorimita tena ukimaliza, chuma kikiwa ndani na mshipi umekatwa. Inapaswa kuwa gramu 410. Ikiwa 413, umebeba gramu 3 za maji ya moto, na kila gramu huongeza jibu kwa 21 hivi.