Mambo ya kuzingatia kabla ya kuweka dari kwenye jiko la kuni

Chumba cha kupikia kisicho na dari kinasamehe mengi, kwa kuwa moshi hujipenyeza kati ya ukuta na bati. Ukishapigilia dari, mianya hiyo umeiziba. Basi kabla hujamwita fundi wa jipsamu, moshi uwe na njia yake.

Kuni ziwe kavu: zipasue, zipange penye upepo na paa, zikae miezi 6. Dirisha lifunguke. Kwa jiko banifu la nyumbani, bomba la inchi 4 linatosha. Kona zisizidi mbili, ncha ya juu ipite paa kwa sentimita 60 au zaidi, na ivikwe kofia.

Viungio vya bomba ndivyo vinavyoharibu dari nyingi. Kila kipande kina ncha moja iliyofinywa ili iingie ndani ya mwenzake. Mafundi wengi huielekeza juu, wakidhani hivyo moshi hautavuja. Hapana! Moshi ukipoa ndani ya bomba, hasa asubuhi za baridi kule Njombe au Lushoto, huacha majimaji meusi yanayonata kama lami, nayo hushuka. Ncha ikiangalia juu, majimaji hutokea nje kwenye kiungio, yakateremka mgongoni mwa bomba hadi darini. Baada ya muda duara la kahawia linajichora kuzunguka tundu. Mwenye nyumba anapaka rangi ya maji, duara linarudi, anapaka tena, linarudi. Rangi hiyo haizuii lami.

Dawa ni kugeuza vipande: ncha zilizofinywa ziangalie chini, kwenye jiko, na kila kiungio kikazwe kwa skrubu 3. Ndipo ushughulikie doa. Pangusa masizi kwa brashi kavu kwanza, maana ukianza na maji utayasambaza. Osha kwa sabuni, acha pakauke kabisa, paka rangi ya mafuta, kisha rangi yako ya kawaida.

Bomba la bati tupu likae sentimita 45 kutoka kwenye mbao. Linapotoboa dari, tundu liwe pana, livishwe bomba la pili kwa nje, na nafasi ya katikati ibaki na hewa. Usijaze maranda wala sponji, vitashika moto.

Safisha bomba kila mwezi, jiko likiwa limepoa. Moshi ukianza kurudi ndani, acha kupika ukague kofia. Na usilale makaa yakiwaka huku milango imefungwa, hata kama bomba ni jipya.