Somo: Kuchagua kadi ya grafiki na pawa saplai kwa kompyuta ya ofisini iliyotumika

Somo hili linamhusu mtu aliyenunua, au anayekaribia kununua, kompyuta ya mezani iliyokwisha kutumika maofisini, kama zile Dell OptiPlex na HP EliteDesk zinazopatikana kwa wingi Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi, naye anataka kuigeuza iwe kompyuta ya gemu. Wengi huanza na kadi ya grafiki, kipuri kinachochora picha za gemu, kwa kuwa ndiyo inayosifiwa, kisha huulizia pawa saplai, kifaa kinachogawa umeme wa ukutani kwa vipuri vingine, wakati fedha zimekwisha. Hapa tutafuata mpangilio wa kinyume: pawa saplai iliyomo ndani ya kasha ndiyo itakayotuambia ni kadi ipi inafaa, na ikionekana haitoshi, itatuambia pia kama mashine hiyo inastahili kuwekewa kadi kubwa.

Hatua ya kwanza: soma lebo ya pawa saplai

Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme ukutani, fungua ubavu wa kasha, kisha tafuta lebo iliyobandikwa kwenye pawa saplai. Usiishie kwenye namba kubwa ya wati iliyoandikwa juu. Tafuta safu ya volti 12, kwa sababu prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, na kadi ya grafiki hupata karibu umeme wake wote kutoka hapo, wakati njia za volti 3.3 na volti 5 siku hizi hazina kazi kubwa. Zidisha ampea za safu hiyo kwa 12, na jibu utakalopata ndizo wati unazoweza kuzitegemea. Pawa saplai ya bei rahisi inaweza kuandikwa wati 500 huku volti 12 ikiwa na ampea 18 tu, yaani wati 216. Zile nyingine ni za kupambia boksi. Ikiwa lebo inaonyesha njia mbili au zaidi za volti 12, usijumlishe ampea zake kwa kichwa, bali tafuta kiwango cha pamoja ambacho mtengenezaji ameandika pembeni, kwa kuwa mara nyingi ni kidogo kuliko jumla hiyo.

Kwa uadilifu niseme kwamba pawa saplai za kiwandani za Dell na HP ni ndogo lakini ni za kweli. OptiPlex 9020 ya kasha la mnara huja na wati 290, OptiPlex 7010 ya mwaka 2012 ya kasha kama hilo huja na wati 275, na EliteDesk 800 G1 ya mnara huja na wati 320. Ningeziamini hizo kabla ya kuiamini pawa saplai isiyojulikana iliyoandikwa 600.

Hatua ya pili: tazama plagi inayoingia kwenye mothabodi

Hatua hii hurukwa na karibu kila mtu, nayo ndiyo inayoamua mustakabali wa mashine yako. Pawa saplai ya kawaida ya madukani, ya mtindo wa ATX, huunganishwa na mothabodi, bodi kuu inayobeba vipuri vyote, kwa plagi pana ya pini 24. OptiPlex 7010 niliyoitaja inatumia plagi hiyo, kwa hiyo unaweza kung'oa pawa saplai yake na kuweka kubwa zaidi. OptiPlex 9020 inatumia plagi ya pini 8 ya Dell wenyewe, na EliteDesk 800 G1 inatumia ya pini 6 ya HP wenyewe, hivyo utahitaji waya maalumu wa kubadilisha ambao huuzwa kando. Waya huo hufanya kazi iwapo ni wa aina sahihi kwa mothabodi yako. Kwa sababu hiyo, anayenunua mashine leo kwa nia ya kuja kuweka kadi kubwa kesho, namshauri atafute yenye pini 24, hata kama prosesa yake ni ya kizazi cha nyuma kidogo.

Kabla ya kufunga kasha, angalia pia kama pawa saplai ina waya wenye plagi ya pini 6 au pini 8 kwa ajili ya kadi ya grafiki. Nyingi za ofisini hazina.

Hatua ya tatu: piga hesabu

Sloti ya PCIe, yaani mahali kadi inapochomekwa kwenye mothabodi, inaruhusiwa kuipa kadi hadi wati 75. Plagi ya pini 6 huongeza wati 75, na ya pini 8 huongeza wati 150. Prosesa kama Core i5-4590 imewekewa kiwango cha wati 84, na i5-6500 wati 65. Mothabodi, memori, diski na feni tuvipe wati 50 kwa pamoja, makadirio ambayo hayana uchoyo.

Tuichukue OptiPlex 9020 yenye i5-4590. Tukiiwekea GTX 1650 ya wati 75 tunapata wati 209, nayo pawa saplai ya 290 inabeba mzigo huo bila kuhema. Tukiiwekea RX 580 ya wati 185 tunafika 319, na hapo hakuna mjadala. Katikati ndipo penye mtego: RX 6600 ya wati 132 inatupa jumla ya 266, ambayo kwenye karatasi inatosha, na muuzaji atakuhakikishia hivyo. Hata hivyo kadi hiyo inadai plagi ya pini 8 ambayo mashine haina, na tena kadi za kisasa huvuta umeme kwa mishtuko ya muda mfupi mno inayozidi sana wastani wake. Ndiyo maana kanuni za ATX 3.0 za mwaka 2022 zinaitaka pawa saplai ihimili mishtuko inayofikia mara mbili ya uwezo wake kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Pawa saplai ya zamani inayofanya kazi karibu na kikomo huzimika ghafla, kwa kawaida pale gemu inapopamba moto.

Kwa hiyo acha nafasi. Mimi hupendelea jumla ya mahesabu isizidi thuluthi mbili ya uwezo wa pawa saplai mpya ninayoinunua; kwa ile ya kiwandani yenye kadi isiyo na plagi, naweza kuvumilia robo tatu.

Hatua ya nne: chagua kadi

Ukibaki na pawa saplai ya kiwandani, uwanja wako ni kadi zisizohitaji plagi ya ziada. GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 na GTX 1650 ya mwaka 2019 zote zina memori ya GB 4, nazo zinaendesha Valorant, eFootball na GTA V vizuri kwenye skrini ya piseli 1920 kwa 1080. Angalia kwa macho yako, maana baadhi ya GTX 1650 zimetengenezwa na plagi ya pini 6. Jambo jingine ni kwamba NVIDIA ilisitisha draiva mpya (programu zinazoiendesha kadi) za gemu kwa kizazi cha GTX 1050 Ti mwezi wa Oktoba 2025 na kubakiza masahihisho ya usalama tu, hivyo bei yake isikaribie ya 1650. Mwenye uwezo zaidi atazame RTX 3050 ya GB 6 iliyotoka mwaka 2024, inayotumia wati 70. Miongoni mwa kadi za gemu zisizo na plagi, sioni ya kuipendekeza kabla ya hiyo. Usiichanganye na RTX 3050 ya GB 8, ambayo ni ya wati 130 na inahitaji plagi.

RX 6400 inavutia kwa wati zake 53, lakini inawasiliana na mothabodi kwa njia nne tu za PCIe. Kwenye PCIe 4.0 njia hizo zinatosha, ila mashine hizi za ofisini ni za PCIe 3.0 au hata 2.0, na hapo kadi hupoteza sehemu kubwa ya kasi yake katika gemu zinazojaza memori. Kadi za Arc za Intel nazo ziache, kwa kuwa zinategemea uwezo wa mothabodi uitwao Resizable BAR ambao mashine za umri huu hazikutengenezwa nao.

Ukiwa umebadilisha pawa saplai, GTX 1660 Super ya wati 125, RX 6600 ya GB 8 na RTX 3060 ya GB 12 yenye wati 170 zote zinaingia katika mazungumzo. Kwa gemu mpya, kati ya kadi mbili zenye kasi inayokaribiana, chukua yenye memori kubwa. Pima pia kwa rula nafasi kutoka nyuma ya kasha hadi kwenye fremu ya diski, kwani makasha ya ofisini hayakutengenezewa kadi ndefu.

Hatua ya tano: ukinunua pawa saplai mpya

Kwa kadi nilizozitaja, wati 500 hadi 550 za kweli zinatosha. Alama ya 80 PLUS inaeleza ni kiasi gani cha umeme wa ukutani kinafika kwenye kompyuta badala ya kupotea kama joto. Ya Bronze hufikisha takriban asilimia 85 ikiwa na mzigo wa nusu. Alama hiyo haipimi ulinzi, kwa hiyo soma kwenye boksi kama kuna kinga ya shoti, ya volti kuzidi na ya mzigo kuzidi. Kwa umeme wetu unaokatika na kurudi kwa kishindo, kinga hizo nazihesabu kuwa muhimu kuliko rangi ya alama. Pawa saplai ya zamani ikiwa na swichi nyekundu nyuma, hakikisha imewekwa 230 kabla ya kuchomeka. Mashine iliyotoka Marekani huenda ikawa imewekwa 115.

Hatua ya sita: jaribu kabla ya kulipa

Omba kadi iwashwe dukani. Programu ya GPU-Z huonyesha chipu halisi iliyomo, na huweka neno la kuashiria kughushiwa pale inapokuta kadi ya kale iliyobadilishwa jina, mchezo ambao GTX 1050 Ti imefanyiwa sana. Kisha iache FurMark, programu ya kuitwisha kadi mzigo wote, ifanye kazi kwa robo saa huku ukitazama nyuzi joto na kusikiliza feni. Muuzaji anayekataa jaribio hilo amekwisha kukujibu.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, mimi nina OptiPlex 9020 lakini ni ile ya kasha jembamba. Nimeahidiwa GTX 1650 kwa bei nzuri. Itaingia?

Jibu: Itaingia ikiwa ni ile fupi kwa kimo, iliyotengenezwa mahsusi kwa makasha membamba, na iwe na bati fupi la kufungia. Ya kawaida haitafunga hata ukiilazimisha. Pawa saplai yako ni ya wati 255, nayo inaibeba kadi hiyo, ingawa kwa prosesa ya wati 84 inapita kidogo ile robo tatu niliyoitaja.

Swali: Mwalimu, shikamoo. Fundi ameniambia hana haja ya kubadilisha pawa saplai, ataunganisha plagi ya pini 6 kutoka kwenye waya wa diski wa SATA. Je, ni salama?

Jibu: Marahaba. Mwambie asifanye hivyo. Plagi ya SATA ina pini tatu za volti 12, kila moja ikiruhusiwa ampea 1.5, yaani wati 54 kwa jumla, ilhali kadi ina haki ya kudai 75 kupitia plagi ya pini 6. Pini zake ni nyembamba na plastiki yake huyeyuka. Chukua kadi isiyo na plagi, au badilisha pawa saplai kama hatua ya pili inavyoeleza.

Swali: Habari za kazi, mwalimu. Mimi ni mzazi. Kijana wangu anataka pawa saplai ya wati 650. Luku haitakwisha haraka zaidi?

Jibu: Nzuri, mama. Pawa saplai haivuti wati zilizoandikwa juu yake, huvuta zile ambazo kompyuta inazihitaji wakati huo, pamoja na zile chache zinazopotea kama joto. Kinachokula uniti ni kadi na muda wa kucheza. Mashine inayovuta wati 250 ikichezewa kwa saa nne inamaliza uniti moja, iwe pawa saplai ni ya 450 au ya 650. Mruhusu ikiwa ni ya mtengenezaji anayeaminika, ingawa kwa kadi anazoweza kuweka kwenye mashine ya namna hii, 550 ingemtosha, na tofauti ya bei ingeingia kwenye UPS, betri inayoshika umeme ukikatika. Kwenye UPS asome wati, asiishie kwenye VA: yenye VA 650 kwa kawaida hubeba wati zisizofika 400.

Swali: Nimeweka kadi, feni zinazunguka, skrini ni nyeusi. Kadi imekufa?

Jibu: Usiihukumu mapema. Kwanza hakikisha waya wa skrini umechomekwa kwenye kadi, si kwenye mothabodi. Pili, ikiwa kadi ina sehemu ya plagi, hakikisha imechomekwa. Tatu, chomoa kadi, safisha miguu yake kwa kitambaa kikavu na uirudishe hadi usikie kibano kikilia. Skrini ikiendelea kuwa nyeusi, rudi kwenye tundu la mothabodi bila kadi, sasisha BIOS, programu ya kuwashia mashine, kutoka tovuti ya mtengenezaji, kisha ujaribu tena. Mashine za zamani wakati mwingine hushindwa kuitambua kadi mpya kwa sababu ya BIOS iliyopitwa na wakati.

Swali: Nina i5-4590, na ndugu yangu aliye Muscat anataka kuniletea RTX 4060. Nikubali?

Jibu: Zawadi haikataliwi, ila ujue utakachopata. Kadi hiyo ni ya wati 115 na ina plagi, hivyo pawa saplai itabidi ibadilishwe. Prosesa yako yenye viini vinne vya kufanyia kazi itaichelewesha katika gemu nyingi mpya: utaona fremu nyingi (picha kwa sekunde) kwa wastani, kisha picha inakwama kwa muda mfupi mtaani pakiwa na watu na magari mengi. Kama bado hajanunua, mwombe RX 6600 iliyotumika, na fedha inayobaki iwekwe kwa ajili ya mothabodi na prosesa nyingine. Kama amekwisha kuinunua, ipokee, nunua pawa saplai ya wati 550 yenye pini 24 na waya wa kubadilishia, kisha pandisha ubora wa picha badala ya kufukuzia fremu, kwa sababu mzigo huo huangukia kwenye kadi na kumpumzisha prosesa.