Mzoga Mtoni: Mambo ya Kuzingatia Kabla Hujashika Kamba

Ukikuta mnyama amekufa majini, simama. Usishuke, usimguse hata kwa mti. Piga picha ukiwa ukingoni, angalia kama ana hereni au chapa, kisha toa taarifa: mwenyekiti wa kitongoji, afisa mifugo wa kata, na afisa afya siku hiyo hiyo, maana yeye ndiye wa kuwatangazia walio upande wa chini wa mto wasichote maji. Kama maji yanaingia kwenye skimu ya umwagiliaji, mlango wa banio, pale maji yanapoingilia mferejini, ufungwe kwanza, kikao baadaye.

Akiwa kiboko au nyati, usiguse hata jino. Hiyo ni nyara ya serikali, na kuikuta imekufa hakukupi haki nayo. Penye mamba ndiyo usithubutu kabisa. Mzoga huwaita, na anayeingia hadi kiunoni kufunga kamba anajipeleka mwenyewe.

Usiusukume uende zake. Wa juu wanausukuma kwa wa kati, wa kati kwa wa chini, kila mmoja anajiona ametatua tatizo.

Sasa lile ambalo hakuna anayelikumbuka: mzoga unahitaji mlinzi.

Masika moja ng'ombe alinasa kwenye kalvati la mfereji mkuu, jirani na kwetu. Tumbo limejaa kama ngoma, damu nyeusi inatoka puani wala haigandi. Mzee mmoja mfugaji alitaja kimeta pale pale, ule ugonjwa wa mifugo unaoambukiza hadi watu. Na watu walifanya vizuri, lazima niseme: banio likafungwa, simu zikapigwa, vijana wakakatazwa kuvuta. Afisa mifugo akajibu yuko semina wilayani, atafika asubuhi. Giza likaingia, kila mtu akaenda kulala. Kulipokucha, mguu mmoja wa nyuma haupo, na ngozi ya ubavuni imechunwa vizuri, kazi ya mtu mwenye kisu kikali na uzoefu.

Balaa lilianzia hapo. Mnyama wa kimeta asipopasuliwa, vijidudu vingi hufa humo humo mwili ukioza. Ukimpasua hewa ikaingia, vinajifungia kwenye gamba gumu na kukaa udongoni miaka na miaka. Kuchemsha nyama kwa kawaida si kinga. Na kibudu kikishakatwa vipande kikafika kwenye jiko la mishikaki, nani atakitambua?

Siku chache baadaye kijana mmoja akaota kipele mkononi, kinawasha, kikageuka kidonda chenye kigaga cheusi katikati. Hakikumuuma sana, kwa hiyo hakujali. Huko kutouma ndiko kunakowaponza wengi. Alipokwenda kutibiwa alisema kachomwa na mwiba, na kwa mwiba ndivyo alivyotibiwa. Ni mama yake aliyerudi naye na kuropoka habari ya ng'ombe mbele ya tabibu. Akabadilishiwa dawa, akapona. Basi ukiona kipele baada ya kushika mzoga, ngozi au nyama ya mashaka, nenda mapema na uutaje mzoga kwanza. Aibu ya kibudu utaimaliza nyumbani.

Kwa hiyo pangeni walinzi wawili wenye tochi, kwa zamu, walipwe kutoka mfuko wa jumuiya ya watumia maji. Zungusheni matawi ya miiba kuzuia mbwa na fisi. Msimpange mwenye jiko la mishikaki.

Msidhani ni la ng'ombe tu. Aprili 2025 viboko wapatao 50 walikufa katika Hifadhi ya Virunga, Kongo, wakawa wanaelea eneo la Mto Ishasha na Ziwa Edward; vipimo vikaonyesha kimeta, na kuwafikia tu ili wazikwe ilikuwa kazi. Hao ni watu wa hifadhi. Ninyi mna kamba ya katani.

Mahali pa kuzika apaonyeshe mtaalamu wa mifugo: shimo la futi sita au zaidi, mbali na ukingo na visima, pasipofikiwa na mafuriko. Udongo uliolowa damu uingie shimoni pia. Wanaobeba wavae glavu na buti, kamba ichomwe. Kubalianeni mapema nani analipia kijiko cha kuchimba, kwa sababu mwenye ng'ombe siku hiyo hapatikani.

Samaki wengi wakielea kwa pamoja ni habari nyingine: huenda ni sumu, huenda maji yamekosa hewa. Mto Mara, Machi 2022, samaki walikufa na maji yakawa meusi. Kamati ya serikali ikasema kinyesi na mkojo wa ng'ombe pamoja na mimea iliyooza ndivyo vilivyomaliza oksijeni, na wengi hawakukubali. Wewe usingoje ubishi uishe. Usiokote, usianike, usiuze.

Mbwa wafungwe. Bata wasiachiwe. Watoto wasiende kutazama, na anayekwenda kuchota akachote upande wa juu wa mto, kabla maji hayajafika kwenye mzoga, au kwenye bomba mpaka afisa afya aseme basi. Wanaoosha pikipiki chini ya kalvati wahamishwe. Wakikuuliza wewe ni nani, waelekeze kwa mwenyekiti, ila watoke majini kwanza.