Kuhamisha faili za moduli kutoka Tcl kwenda Lua

Mtumiaji wa klasta (kundi la kompyuta zinazofanya kazi pamoja) huandika "module load gcc" na kuendelea na kazi yake, bila kujali kwamba nyuma ya amri hiyo kuna skripti fupi, yaani faili la moduli, inayobadilisha vigeu vya mazingira kama PATH na LD_LIBRARY_PATH. Skripti hizo kwa desturi huandikwa kwa Tcl, lugha ya mfumo wa Environment Modules ulioelezwa hadharani mwaka 1991. Lmod, mfumo mwingine wa moduli uliobuniwa na Robert McLay katika kituo cha kompyuta cha TACC huko Texas, hutumia Lua lakini husoma faili za Tcl pia, kwa hiyo hakuna haja ya kuhamisha kila kitu kwa siku moja. Anza na zile unazolazimika kuzihariri.

Faili rahisi huhamishwa mstari kwa mstari. Tuchukue hili la Tcl:

#%Module
module-whatis "Kompaila ya GCC"
set root /opt/gcc/12.2.0
prepend-path PATH $root/bin
setenv CC $root/bin/gcc

Kwa Lua litasomeka hivi:

whatis("Kompaila ya GCC")
local root = "/opt/gcc/12.2.0"
prepend_path("PATH", pathJoin(root, "bin"))
setenv("CC", pathJoin(root, "bin/gcc"))

Kistari cha katikati katika prepend-path kimegeuka mstari wa chini, kwa sababu Lua hukihesabu kistari kuwa alama ya kutoa. Maoni ya mwandishi huanza kwa vistari viwili badala ya alama ya reli (#), na $env(HOME) huwa os.getenv("HOME"). Jina la faili sharti liishie kwa .lua, ukisahau, Lmod italichukulia kuwa la Tcl, itatafuta #%Module mwanzoni mwake na, isipoiona, italipuuza kimyakimya. Kosa hili dogo hula muda mwingi kuliko yote.

Ipo pia zana ya kukufanyia kazi hiyo:

$LMOD_DIR/tcl2lua.tcl 12.2.0 > 12.2.0.lua

Hapa ndipo pa kuwa mwangalifu, kwani zana hii haitafsiri faili bali huliendesha, kisha huandika kwa Lua yale yaliyotokea wakati huo, kwenye mashine hiyo, kwa mtumiaji huyo. Lmod yenyewe huitumia kila inapopakia faili la Tcl, na hapo haina madhara kwa kuwa matokeo hutumika papo hapo na kutupwa. Ukiyahifadhi, mambo hubadilika: tawi la "if" ambalo sharti lake halikutimia halitaonekana tena, na vigeu vyote vitakuwa vimeshajazwa thamani. Niliwahi kusambaza faili lililogeuzwa kwa njia hii, ambalo asili yake iliweka saraka ya muda ndani ya $env(HOME); asubuhi yake kila mtu alikuwa akijaribu kuandika ndani ya saraka yangu ya nyumbani na kukataliwa. Tangu hapo, faili lenye masharti au lenye $env hulihamisha kwa mkono, na matokeo ya zana huyatumia kama rasimu tu.

Tahadhari hiyo hiyo inahusu zana nyingine ya Lmod, sh_to_modulefile, ambayo huendesha skripti ya sheli, hulinganisha mazingira ya kabla na ya baada, kisha huandika tofauti kama moduli. Iendeshe katika kipindi kipya cha terminali, kisha utafute jina lako la mtumiaji ndani ya matokeo kabla ya kumpa mtu mwingine.

Kwa majaribio, amri ya "$LMOD_CMD bash load gcc/12.2.0" huchapisha maagizo ambayo sheli ingepewa, bila kuyatekeleza. Hifadhi matokeo ya faili la zamani, ongeza saraka yako ya majaribio kwa "module use", rudia kwa faili jipya, kisha linganisha kwa diff. Vigeu vya ndani vya Lmod kama _LMFILES_ vitatofautiana, na si neno. Baada ya hapo pakia moduli, iondoe, na uangalie iwapo "env" imerudi ilivyokuwa. Wakati wa kuondoa, Lmod hulisoma faili upya na kuyatendua maagizo yake, kwa hiyo setenv iliyofungiwa ndani ya sharti la mode() == "load", yaani "wakati wa kupakia tu", haitafikiwa, na CC itabaki ikielekeza kwenye kompaila ambayo mtumiaji anaamini ameshaiondoa.