Toa magazini kwanza, kisha kagua chemba
Anayemiliki bastola ya nusu-otomatiki kwa kibali asidhani kwamba kuchomoa magazini, yaani kisanduku cha risasi, kunatosha kuiacha tupu, kwa kuwa risasi moja huweza kubaki ndani ya chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa tayari kufyatuliwa, na bastola nyingi huifyatua risasi hiyo hata magazini ikiwa mezani. Mpangilio ndio wenye uzito: mtutu ukielekezwa pasipo na mtu na kidole kikiwa mbali na kifyatulio, magazini hutolewa kwanza, ndipo sehemu ya juu ya bastola, ile inayoteleza, inapovutwa nyuma mara kadhaa na kuzuiwa hapo, na chemba kukaguliwa kwa macho na kwa ncha ya kidole. Ukigeuza mpangilio huo, sehemu ya juu ikirudi mbele itapakia risasi nyingine kutoka kwenye magazini. Wenye bastola za Glock wawe makini zaidi, maana kuifungua kwa ajili ya usafi hulazimu kuvuta kifyatulio. Unapoibeba, mkoba wa bastola uwe mgumu na ufunike kifyatulio chote. Na wakati wa kuirudisha mkobani, jambo ambalo kwa kweli halina haraka yoyote, inua shati kwanza, kwani kamba ya jaketi au pindo la nguo likinaswa humo huweza kuvuta kifyatulio sawasawa na kidole.